Mguuni pa Safu

Usijifanye hukuona. Ulipita wodini, ukaliona jina limekaa peke yake chini kabisa ya safu, bila dawa, ukageuza shingo. Basi leo utasikia.

Asubuhi hiyo, katika hospitali ya Unyanyembe Mpya, mpangasafu alikuwa kazini. Ni mashine inayopokea orodha ya wagonjwa, kuibana katika safu nne nyembamba, na kuitoa ikiwa waraka wa ukurasa mmoja uliofungwa kwa muhuri. Hata daktari haugusi. Kisha mgawadawa, roboti refu lenye mikono sita, huusoma na kuzunguka vitandani. Jina, na chini yake dawa. Jina, na chini yake dawa. Kabati la dawa halimfungukii mwingine yeyote.

Nyamizi, mhandisi aliyeiunda mashine hiyo ya kupanga safu, alisimama kando ya mjomba wake Kashindye, ambaye moyo wake uliishi kwa sindano ya kila asubuhi. Roboti likafika. Likasita. Likapita.

“Hata salamu hakuna!” mjomba akacheka, pumzi zikimkwama. “Hili mmelinunua kwa watani wetu Wazaramo nini?”

Nyamizi akaufungua waraka kwenye kishikwambi. Jina la Kashindye lilikuwa mguuni pa safu ya kwanza. Dawa yake ilikuwa imerukia kichwani mwa safu ya pili. Roboti liliona jina lisilo na dawa, na dawa isiyo na mwenyewe. Likaviacha vyote.

Akampigia mkuu wa nyaraka, Bwana Rwechungura.

“Niruhusu niiamuru mashine isitenganishe jina na dawa yake.”

“Orodha itamwagikia ukurasa wa pili, Mhandisi. Na sheria unaijua.”

Aliijua. Baraza linalotutawala lilikata shauri: wodi nzima, ukurasa mmoja, wa pili roboti haliusomi. Eti ni unadhifu. Sisi hatusahau: jana walituambia foleni ni nidhamu, na juzi kwamba namba ni bora kuliko jina.

“Mjomba wangu atakufa.”

“Pole sana, dada. Andika ombi.”

Nyamizi hakuandika. Waraka wa kesho ulipokuwa ukipangwa, aliingiza mstari mtupu juu ya safu ya kwanza. Mistari yote ikasogea. Jina la mjomba na dawa yake vikashuka pamoja safu ya pili.

Kulipokucha roboti likasimama kwa Kashindye, likamchoma sindano. Kisha likafika kitanda cha jirani, kwa Bi Mbuke, muuza asali, ambaye sasa jina lake ndilo lilikuwa mguuni pa safu ya pili, na dawa yake kichwani mwa ya tatu. Likasita. Likapita.

“Wewe, chuma!” Bi Mbuke akaliita. “Mimi sina damu?”

Mjomba akageuka taratibu. “Mpwa wangu, umefanya nini?”

“Nimekuokoa, mjomba.”

“Rudisha.”

“Waraka umeshafungwa. Siwezi.”

Nyamizi akaligonga kabati kwa ngumi mpaka vidole vikavimba. Halikufunguka. Bi Mbuke akawaambia waache makelele, kesho si mbali. Hakuifikia kesho.

Na waraka mwingine unapangwa sasa hivi, na mguuni pa safu yupo mtu. Usingoje kujua kama ni wako. Inuka, mshike jirani yako mkono, nendeni kwenye mlango wa Baraza. Msiondoke mpaka ukurasa wa pili usomwe. Nenda!