Saa Tatu, Kando ya Maji Yasiyoganda

—Njeri, saa tatu. Haraka, saa tatu.

Njeri akageuza darubini kushoto, akaona miti mitupu, theluji, na uzio wa mtu. Alipogeuka kuuliza, tai alikuwa ameshapita upande wa kulia na samaki wake kwenye makucha, na Rigobert amebaki na kidole hewani.

—Nimekuambia saa tatu.

—Na mimi nimeangalia saa tatu.

—Kule ni saa tisa, Njeri.

—Kwenu. Kwetu mshale ukifika pale ni saa tatu asubuhi, watu wako job.

Watazamaji wa ndege wana mtindo wao wa kuelekezana, maana ukipunga mikono ndege anaruka. Unajifanya umesimama katikati ya saa ya ukutani, namba kumi na mbili iko mbele yako. Mzungu akikuambia tatu, unatazama kulia, ilipo namba tatu. Lakini aliyelelewa na saa ya Kiswahili anajua kuwa saa tatu mshale mfupi uko kwenye namba tisa, yaani kushoto kabisa. Njeri alikuwa wa Nakuru, saa yake ilifuata jua. Rigobert alisomea Kifaransa kule Bukavu, na nyumbani kwao walisema saa kama walivyofundishwa shuleni: trois heures ni saa tatu, basi.

Wakabishana hapo ukingoni mwa Mississippi, baridi ikiwakata masikio. Njeri akasema siku huanza jua likichomoza, mtu hawezi kuanza kuhesabu siku akiwa amelala. Rigobert akamjibu kwamba hapa Minnesota mwezi wa kwanza jua lenyewe linachelewa kazini, sasa atalihesabu vipi. Wakacheka mpaka mabata wakasogea mbali. Hakuna aliyekubali kushindwa. Ila kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, alirudi nyumbani na jambo lile kichwani.

Ulikuwa msimu wa baridi wa mwaka elfu mbili na kumi na nne. Njeri alikuwa na miaka thelathini na tatu, muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee kule Anoka, mfanyakazi wa zamu za usiku. Alizaliwa karibu na ziwa lililojaa flamingo na hakuwahi hata siku moja kwenda kuwatazama. Hiyo ilikuwa kazi ya watalii. Aliyemtia wazimu wa ndege ni Margaret, bibi kizee wa pale kazini ambaye miguu ilikuwa imekataa. Margaret alimpa darubini yake akamwomba aende Monticello kumwonea swani, wale mabata wakubwa weupe wenye shingo ndefu, kisha aje amsimulie. Pale maji yatokayo kwenye mtambo wa umeme huupa mto joto, na wakati kila ziwa limekuwa sakafu, pale mto hauwi barafu. Swani wanajua. Wanakuja kwa mamia na kupiga kelele kama arusi.

Rigobert naye alikuwa akipita na gari alipozisikia kelele zile. Alidhani kuna watu wanapuliza tarumbeta. Yeye mwenyewe alipiga tarumbeta kanisani Bukavu kabla ya vita kuwatawanya, na alikuwa hajaisikia sauti ya namna ile tangu atoke kambini. Akafuata sauti, akakuta ndege, na akakuta mwanamke wa Kikenya ambaye gari lake limezama kwenye theluji. Akalisukuma. Kuanzia hapo wakawa hawaachani: Jumapili baada ya ibada, watu wengine wakienda kula, wao wanaenda kusimama kwenye baridi. Bernardine, dada yake Rigobert, alisema wazi kwamba hajawahi kuona uchumba wa kuchunga mabata.

Lakini uchumba wenyewe ulikuwa haujatajwa. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Rigobert alikuwa mkarimu, alikuwa na macho ya upole, alikuwa anamletea chai ya tangawizi kwenye chupa, na hakuwa amesema kitu. Ndipo Francis, kaka yake Njeri aliyekuwa Dallas, akapiga simu na habari ya kazi.

—Hospitali kubwa, Njeri. Pay nzuri, na hakuna baridi. Wanataka jibu Jumatatu. Ama kuna mtu anakushika huko?

—Sijui kama kuna mtu.

—Basi mwulize ujue. Huwezi kukaa kwa freezer ukingoja mtu asiyeongea.

Njeri akamweleza Rigobert habari ile kwa simu. Hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba Jumatatu lazima ajibu, na kwamba akiwa na neno la kumwambia, aliseme kabla ya siku hiyo. Rigobert akasema atafikiri namna ya kusema vizuri. Siku ya Ijumaa ujumbe ukaingia:

“Kesho saa tatu, pale kwa swani. Niko na kitu cha kukuambia. Tafazali kuya.”

Njeri aliusoma mara nyingi. Saa tatu. Kwa kawaida wakipanga walisema baada ya ibada, au baada ya zamu. Hii ilikuwa mara ya kwanza Rigobert kuandika saa. Akatabasamu peke yake jikoni. Mtu wa Bukavu akisema saa tatu ni alasiri, alishajifunza hilo siku ya tai. Akaona hapana haja ya kuuliza. Atakwenda kwa saa ya Rigobert, na Rigobert atamwona akishuka kwenye gari na kujua kwamba mwanamke huyu ameingia nyumbani kwake kabla hata ya kualikwa.

Kesho yake alitoka kazini, akalala, akaamka, akapaka mafuta, akavaa kitambaa chekundu chini ya lile koti nene. Alasiri alikuwa pale. Swani walikuwepo, Rigobert hakuwepo.

Alisimama kwenye uzio wa mbao. Palikuwa na mahali theluji imekanyagwa mpaka ikawa ngumu, kama mtu alisimama pale kwa muda mrefu akibadilisha miguu. Mzungu fulani na kamera yake, aliwaza. Akasimama palepale kwa kuwa palikuwa pameshasawazishwa. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Jua likaanza kushuka nyuma ya miti na maji yakabadilika rangi. Mtu mzima akiwa na neno hakosi kuja kulisema. Asiyekuja ameshalisema.

Ndani ya gari, vidole vikiwa vimekufa ganzi, akaandika: “Nimeelewa jibu lako. Mungu akubariki.”

Jibu lilikuja usiku akiwa zamuni: “Na mimi nimeelewa. Safari njema.”

Njeri aliingia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kuwageuza wazee vitandani. Jumatatu akawapigia watu wa Dallas akakubali kazi.

Kanisani Rigobert alihamia viti vya nyuma. Wakikutana mlangoni walisalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi mahali pamoja. Njeri alimwona amekonda, akajikataza kufurahi, akajikataza pia kusikitika, na yote mawili yakamshinda. Alitaka kumwuliza kitu kimoja tu: kwa nini hukuja? Lakini kumwuliza ni kumwonyesha kwamba aliumia, na Njeri alikuwa ameshaumia vya kutosha bila kuonyeshwa hadharani.

Margaret alipoambiwa habari ya Dallas, hakumlaumu. Alimshika mkono akasema ana ombi la mwisho. Mwaka ule bundi weupe walikuwa wameshuka kwa wingi kutoka kaskazini, watu walikuwa wanawaona hata karibu na uwanja wa ndege, na yeye alikuwa anatamani mtu mmoja tu amwonee bundi huyo kwa macho yanayompenda. Njeri akamwahidi.

Hivyo Jumamosi ya mwisho kabla ya safari akaendesha gari mpaka kwenye kinamasi kilicho nje ya mji, mahali pana penye matete makavu yaliyosimama ndani ya barafu. Alitembea, akatazama, akakosa. Aliporudi na kuwasha gari, halikuguna hata kidogo. Betri imekufa. Alikuwa peke yake kwenye maegesho, baridi ya kuua mtu. Akampigia rafiki mmoja, yuko zamu. Akapiga kwa mafundi wa barabarani, wakasema foleni ni ndefu. Jina lililofuata kwenye simu lilikuwa la Rigobert, naye alikuwa akiishi karibu. Njeri akaweka kiburi pembeni akabonyeza.

Rigobert hakuuliza maswali. Alifika na nyaya, akaziunga kutoka gari lake mpaka la Njeri, akamwambia wangoje betri ijae kidogo. Wakasimama kando, injini ikinguruma, kila mmoja akitazama matete kana kwamba yana habari mpya.

—Unaenda siku gani? Rigobert akauliza.

—Alhamisi.

—Sawa.

Ndipo Njeri akamwona. Upande wa kulia, juu ya nguzo, kitu alichodhani ni bonge la theluji kikageuza kichwa na kufungua macho ya njano. Akasahau ugomvi, akasahau Dallas. Akanong’ona kwa lugha ya mtu aliyesimama naye, saa ya mtu huyo, bila hata kufikiri:

—Rigobert, saa tatu.

Rigobert akageuka upesi. Akageukia kushoto.

Njeri akabaki anamtazama kisogo. Kwa kweli alisahau kumtazama bundi.

—Unaangalia wapi?

—Saa tatu. Sioni kitu.

—Hiyo si yako. Yako ni kulia.

—Najua yangu, Rigobert akasema, bado akiyapekua matete ya kushoto. Niko nafuata yako. Nilijifunza.

—Ulijifunza lini?

—Tangu siku ya ule tai. Nikaweka mu kichwa: Njeri akisema saa tatu ni asubuhi, ni kushoto. Sikutaka ukose tena kitu kwa sababu yangu.

Njeri akaegemea gari.

—Ile Jumamosi, ulikuja saa ngapi?

Rigobert sasa akageuka.

—Saa tatu.

—Ya nani?

—Yako. Asubuhi. Nilingoja mpaka miguu sikuisikia tena. Nikataka kukupigia, telefone ikakufa na baridi. Haukukuya. Nikaenda kwa kazi, nikaomba overtime, ili nisibaki nyumba nikifikiri. Kwa kazi tunafungia telefone. Kutoka, nikaona message yako.

—Mimi nilikuja saa tatu yako. Niliondoka jua likizama, Rigobert. Nilikupigia, haukushika.

Ilikuwa kama watu wawili walioondoka siku moja kutembeleana, kila mmoja akapita njia yake, akagonga mlango wa mwenzake na kuukuta umefungwa. Akarudi nyumbani akimlaumu mwenzake kuwa hapendi wageni.

—Pale kwenye uzio, Njeri akasema polepole, theluji ilikuwa imekanyagwa.

—Ni mimi.

—Nilisimama hapo hapo. Kwa alama za miguu yako. Nikikulaani.

Akaanza kulia, na machozi yakiganda shavuni si jambo la kuchezea, kwa hiyo Rigobert akavua glavu akamfuta kwa kiganja. Njeri akamwuliza, kwa hasira ya kweli, kwa nini hakuuliza. Rigobert akamrudishia swali lilelile. Kila mmoja alitaka kuonekana ameshamjua mwenzake. Kumwuliza mtu “saa ya nani” kulionekana kama kukiri kwamba bado humjui, na wote wawili waliliogopa hilo kuliko baridi.

—Sasa mimi nauliza, Njeri akasema. Ulikuwa na kitu cha kuniambia. Ni nini?

Rigobert akavuta pumzi.

—Usiende Dallas. Lakini sitaki ubaki bure, hivi hivi. Nataka kutuma watu kwa Francis, wafike na Nakuru kwa mama yako. Nataka nikuoe, Njeri. Nilikuwa natafuta namna ya kuisema muzuri, na franchement, kusema kweli, sikuipata. Ni hiyo tu.

—Hiyo inatosha. Hiyo ndiyo nilikuwa nangoja.

—Basi ni ndiyo?

—Ndiyo. Na usinielewe vibaya tena. Ni ndiyo kwa saa yako, na ni ndiyo kwa yangu.

Walipokumbuka kutazama kwenye nguzo, bundi alikuwa ameshaenda zake. Rigobert akasema afadhali, kwao Bukavu ndege huyo akitua karibu watu humwita pasta aje kuombea nyumba. Njeri akamjibu kwamba pasta watamwita, ila kwa kazi nyingine.

Francis alipopigiwa alicheka, akasema atawaambia watu wa hospitali, na kwamba huyo mwanamume aje amwone uso kwa uso. Margaret alisimuliwa yote, bundi na matete na nyaya za betri, akataka kurudiwa sehemu ya Rigobert kugeukia kushoto. Alisema katika maisha yake yote ya kutazama ndege hajawahi kusikia kitu kizuri kama mtu aliyemkosa bundi kwa sababu hiyo.

Wazee wa posa walikwenda, wakarudi na kibali. Majira ya joto, swani wakiwa wametawanyika kwenye vinamasi na makinda yao, Mchungaji Eliakim alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba ndoa ya Rigobert na Njeri itafungwa Jumamosi, saa nne. Kabla hajageuza karatasi, Bernardine akanyoosha mkono kutoka kwaya.

—Pasta, saa ine ya nani?

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa wifi. Njeri na Rigobert hawakucheka. Walitazamana, na Njeri akasimama mbele ya kanisa zima.

—Ya asubuhi, akasema. Asante kwa kuuliza.