Skrini ya Wateja

Waya ulikuwa umechomekwa, taa ndogo ya skrini ilikuwa ya kijani, na kwenye laptopu picha za kipaimara zilionekana vizuri tu. Lakini skrini kubwa, ile inayowatazama wateja, ilikuwa nyeusi tii. Obedi akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena na kukaza skrubu zake mbili. Nyeusi. Akabonyeza vitufe vya kuhamisha picha mara moja, mara mbili, mara kumi. Nyeusi vile vile.

Mtu mwingine angekasirika. Obedi alitokwa na jasho, kwa sababu jana yake alimwambia mama mmoja kwamba skrini ni mbovu, na jana yake skrini ilikuwa nzima kabisa.

Obedi hakuwa mtu mbaya, hilo tulikubali mapema kabla hatujamchukia. Alikuwa na studio ya picha mjini Kasulu, yeye na mkewe Elieth, na sifa yao ilikuwa moja: laptopu ilimtazama Obedi, na skrini kubwa ilitazama benchi la wateja, ili mteja akae kama bwana mkubwa achague mwenyewe picha ya kusafishwa. Mwaka huo wa 2013 wapiga picha wengine walikuwa bado wanamwonyesha mteja kioo cha nyuma ya kamera, ambacho hakizidi kiberiti. Kwa Obedi watu walitoka wakijisikia.

Mwezi wa tisa alipiga picha za mahafali ya kidato cha nne upande wa Nyakitonto. Kesho yake alikuwa na harusi Kibondo, kadi ya kamera imejaa, gari linapiga honi nje. Akaifuta kadi akiamini ameshahamisha kila kitu kwenye laptopu. Hakuwa amehamisha kila kitu. Wanafunzi kumi na mmoja walipotea. Kumi aliwaita mmoja mmoja, akawavalisha joho lile lile la kukodi, akawapiga upya kwa utani mwingi, na hakuna aliyenung'unika. Wa kumi na moja, Vestina, alikuwa amekufa kwa homa wiki tatu baada ya mahafali.

Mama yake ndiye aliyekuja Desemba. Aliitwa Immakulata, mkulima, wa zile familia zilizotoka Burundi zamani na sasa ni raia. Alikaa kwenye benchi, mfuko wa maharage mapya magotini, zawadi ya kumpa Obedi.

"Mwanangu, nataka ile ya mahafali," alisema. "Mwezi ujao tunaganduka, tunamaliza matanga. Watu watatoka Muyama, watatoka Kasanda, na mimi sina sura ya kuwaonyesha. Ya kitambulisho cha shule tulimzika nayo. Ilikuwa mfukoni mwa sketi, sikukumbuka kuitoa."

Obedi alifungua mdomo aseme ukweli. Alimwona yule mama anavyomtazama, kwa imani tupu, akashindwa.

"Picha ipo, mama," alisema. "Ila skrini imegoma kuonyesha. Rudi wiki ijayo." Na mguu wake, chini ya meza, ukazima swichi.

Immakulata akashukuru, akaacha maharage, akaondoka. Usiku ule Elieth aliyapika na Obedi akasema hana njaa.

Sasa skrini iligoma kweli. Mchana akaitwa Godson, fundi wa kompyuta, kijana mwenye maneno mengi na simu mbili. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kaka, hii kazi ya dakika tano," alisema Godson.

Alibadilisha waya. Akaibeba skrini chini ya mwavuli mpaka kibandani kwake, akaichomeka kwenye kompyuta yake, ikaonyesha. Akaibeba laptopu, akaichomeka kwenye skrini nyingine, ikaonyesha. Akavirudisha studio, akaviunganisha, giza. Akakuna kichwa.

"Kila kimoja kizima. Vikiwa humu ndani pamoja ndiyo havitaki."

"Labda umeme," alisema Elieth.

"Umeme ni ule ule, dada."

Akajaribu la mwisho. Aliiambia laptopu ihesabu skrini zote mbili kama uwanja mmoja mrefu, ili kishale cha kipanya kikivuka ukingo wa huku kitokee kule. Akakisukuma kulia. Kishale kikavuka, kikapotelea kwenye giza. Akavuta kipanya kushoto ili kirudi, akavuta mpaka mkono ukagonga ukuta, na kishale hakikurudi.

"Kimeshikwa," alisema taratibu.

"Kimeshikwa na nini?"

"Usiniulize hivyo. Shika mwenyewe."

Obedi akaweka kiganja juu ya kipanya, na akakihisi kikitambaa chenyewe kwenda kulia, polepole, kama kinavyovutwa na mtu asiye na haraka, na wakati anakizuia kwa nguvu zake zote akasikia benchi la wateja upande wa pili wa meza likilia kama linavyolia mtu anapokaa, na hapakuwa na mtu, na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikajaa chumba kizima ingawa mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mvua, na Godson, ambaye kwa kuogopa alikuwa ameshachomoa waya na kuushika mkononi, akainama kwenye laptopu akasoma kwa kunong'ona kwamba bado inasema skrini ni mbili.

Godson alitoka bila kudai chochote. Mwavuli wake aliuacha mlangoni, na hakuufuata tena.

Kesho yake asubuhi, kabla Obedi hajaamua kama afungue au asifungue, akaingia maalimu Hilali. Huyu alikuwa mtu wa Ujiji, anauza mitumba sokoni na jioni huwasomea watu wenye matatizo, mfupi, mkali kidogo, asiyependa kusubiri. Alitaka picha za pasipoti. Obedi akampiga haraka. Hilali akakaa kwenye benchi kungoja, akainua macho kwenye skrini nyeusi, akasimama tena.

"Huyu binti wa joho ni nani?"

"Yuko wapi, maalimu?" aliuliza Elieth.

"Huyu hapa mbele yangu. Kofia anayo, joho analo. Mbona hana uso?"

Elieth akatazama skrini, akaona giza. Akamtazama mumewe, na hapo akaona kila kitu.

"Baba Longinus," alisema kwa sauti ndogo, "umefanya nini?"

Obedi akawaambia, akiwa ameinamisha kichwa, neno moja moja, na kila neno lilimchoma. Kadi. Gari la harusi. Wale kumi. Mama na maharage. Elieth alijifunika mdomo kwa kanga. Hilali hakumpa pole.

"Zima laptopu," alisema.

Obedi akaizima. Hilali akafukiza ubani chini ya skrini, akasoma kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani, halafu akauliza: "Nani wewe, na nani kakuleta?"

Jibu lilitoka kwenye spika ndogo za laptopu, na laptopu ilikuwa imezimwa. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, bado haijajua iwe ya kike au ya kiume.

"Yeye kaniita. Mama aliuliza, yeye akasema picha ipo. Haikuwepo. Nikaja niwe hiyo picha."

"Toka."

"Moshi haunitoi. Siku akimwambia mama kwamba haipo, nitaondoka."

"Na uso wako?"

"Sina bado. Mama yake anao. Akija kunitazama nitauchukua kwake."

Ubani ukazimika. Hilali akachukua kofia yake na hakuzitaka tena zile picha za pasipoti.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia Obedi. "Mimi hapa sina kazi, kazi ni yako. Mwambie kabla hajatazama. Mlangoni, barabarani, popote. Akishatazama utakuwa umemuuza."

Obedi aliapa atasema. Wiki nzima alijifunza maneno yale akioga, akila, akiwa kwenye baiskeli. Elieth alimsaidia kama anayemfundisha mtoto: mama, nisamehe, picha haipo, niliifuta. Ni maneno machache sana. Hata mimi ninayesimulia naona haya kuyahesabu.

Immakulata alikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Mlangoni akasimama kukwangua tope miguuni kwa kijiti, akaeleza habari za njia, gari lilikwama, akatembea kipande. Muda ulikuwepo. Obedi alikuwa amesimama mbele yake karibu kiasi cha kumshika bega.

"Mama," alisema, "kuna jambo."

"Sema, mwanangu."

Na yule mama akatabasamu. Obedi akaona jinsi tabasamu lile litakavyoondoka usoni, kwa ajili yake, na akasikia mdomo wake ukisema: "Utakunywa chai kwanza?"

Elieth, aliyekuwa nyuma ya pazia, alitoka mbio kumziba mama yule macho. Alichelewa hatua mbili. Immakulata alikuwa ameshakaa kwenye benchi na kuinua uso, na skrini iliyogoma kwa fundi na kwa kila mtu ikawaka.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema Immakulata. "Mana yanje! Mtoto wangu!"

Safari hii wote walimwona. Vestina, joho jeusi, kofia imekaa upande kidogo, kovu dogo juu ya nyusi ambalo Obedi hakuwahi kulikumbuka, meno yake, macho yake. Kwenye laptopu hapakuwa na kitu isipokuwa picha za kipaimara. Immakulata alilia, akacheka, akapiga magoti sakafuni akamshika Obedi miguu, akambariki kwa Kirundi, yeye na watoto wake. Bado angeweza kusema. Haipo, mama. Mwanamke yule alikuwa analia kwa furaha miguuni pake, na nani angesema? Obedi alijiuliza swali hilo baadaye miezi mingi, na kila mara alijibu kwamba mtu yeyote mwenye heshima angesema.

Mashine ya kuchapia picha ikaichapa yenyewe. Obedi akaiweka kwenye fremu kwa mikono yake, akaifunga kwa gazeti isilowe, akampa. Mama alipofika barabarani na kutoweka, skrini ikaonyesha watoto wa kipaimara, safi, rangi zote mahali pake.

"Limetoka?" aliuliza Elieth kwa kunong'ona.

"Limetoka."

"Limekwenda wapi, Baba Longinus?"

Obedi akarudi kwenye picha za kipaimara, na tangu siku ile mkewe akaanza kumpa chakula bila kukaa naye.

Immakulata alirudi mwezi wa tatu, matanga yameshamalizwa. Obedi hakumtambua mpaka aliposalimia. Nguo zilikuwa zinamning'inia, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alinukia udongo mbichi.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Silali, tunaongea." Alikaa kwenye benchi. "Anashuka ukutani nikizima taa. Anakaa karibu nami jikoni."

Obedi akamsogelea. Akajua kwamba sasa ni sasa, na kwa mara ya kwanza maneno yakaja yenyewe mpaka kwenye ulimi. "Mama, nisamehe. Ile pi—"

Mkono wa Immakulata ukamziba mdomo. Ulikuwa baridi na mwepesi.

"Nyamaza," alisema. "Unadhani sijui? Jina la baba yake halijui. Wimbo niliomwimbia akiwa mdogo haujui. Si yeye. Lakini ameniambia, siku Obedi akisema atakwenda. Na mimi nikifumba macho, mwanangu, simwoni tena Vestina. Uso wake umetoka kichwani kwangu wote, uko kwa huyu tu. Ukisema nitabaki na nini?"

"Anakula uhai wako, mama."

"Ni wangu. Niahidi."

Obedi akatazama chini. Neno moja lingemwokoa mama huyu, na lingemchukua mtoto wake mara ya pili, na mdomo uliolishika neno hilo ulikuwa umezoea kunyamaza. Akaitikia kwa kichwa. Akajiambia kwamba safari hii ananyamaza kwa ajili ya mama, na nafuu aliyoipata ilimtia aibu kuliko uongo wa kwanza.

Immakulata akafuta machozi, akajitengeneza kilemba. "Basi tupige. Anataka picha na mimi."

Akasogea ukingoni, akaacha nafasi. Benchi likalia. Obedi akainua kamera, na kwa mazoea ya kazi yake akajisikia akiuambia upande ule mtupu, kwa upole kabisa, "Sogea kidogo karibu na mama."