Moto Katika Taya la Zubery

Njiti ya kiberiti iliwaka mkononi mwa Chiku kabla hajaisugua. Aliitupa, na papo hapo ikamjia harufu kali ya kitunguu saumu, ingawa jikoni hamkuwa na kitunguu wala chungu motoni.

"Zubery! Viberiti vyako vina nini?"

"Vina akili yangu," mumewe akajibu kutoka dukani.

Zubery aliuza dawa hapo Dongobesh. Vita vya Wazungu vilipokata viberiti vya ng'ambo, alichanganya fosforasi, madini yenye sumu yanayoshika moto upesi, akatengeneza vyake. Kila alichouza alikiandika pamoja na jina la mnunuzi katika daftari la mauzo, na wageni aliwasomea kwa majivuno kana kwamba ndiye aliyegundua moto. Hakumtaja Natalia, mjane wa kijiji cha Tumati, aliyeshinda akichovya njiti hizo katika stoo isiyo na dirisha. Taya la Natalia lilipoanza kuoza kwa sumu ile, Zubery alimfukuza. Mjane huyo alizikwa juzi, na tangu hapo Chiku hakuweza kumtazama mumewe usoni.

Alasiri ile stoo ilianza kusema. Kwanza chwa, chwa, kama njiti zinazochovywa. Kisha pumzi, kisha mlio wa kinywa kisicho na taya, ukapita chini ya mlango, ukapanda ukutani, ukazunguka duka zima huku harufu ile ikizidi na chupa za dawa zikigongana rafuni, mpaka Chiku akajikuta ameikumbatia nguzo.

Zubery akaanguka. Mwalimu Seifu wa msikitini aliitwa, akasoma, akauliza, "Wewe nani?"

"Sisi tuliumbwa kwa moto," sauti ngeni ikajibu katika kinywa cha Zubery. "Huyu ameulisha moto mfupa wa mwanamke, kisha akajisifu. Njiti zote zirudi ardhini, la sivyo nakaa humu."

Zubery alipozinduka aliambiwa maneno hayo. Akacheka. "Niache ugunduzi wangu kwa sababu ya jini?"

"Kwa sababu ya Natalia!" Chiku alifoka. "Mtu anaoza mbele yako, wewe unaandika mauzo!"

Akalinyakua daftari, akapita nyumba kwa nyumba mpaka vijiji vya Bashay na Tumati, akikusanya viberiti na kuvifukia. Jina la mwisho lilikuwa la Benedikta, mama yake Natalia. Hata yeye Zubery alimuuzia.

"Shikamoo, mama."

 Benedikta alikitupa kiberiti chini. "Mwambie mwenyewe aje."

Chiku aliporudi alimkuta Zubery stoo, anachovya njiti mpya. Katika giza lile taya lake liling'aa kijani.  Hasira ilikwisha kula hofu yote ya Chiku. Alimfunika blanketi, akampandisha punda, akamswaga punda hadi Tumati.

Nyumba ya Benedikta, iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, ilikuwa na giza hata mchana. Zubery alipoinama kuingia, kuta zikamulikwa na taya lake. Alifungua kinywa kuomba radhi. Maneno hayakutoka, ulitoka moshi, na ndani ya moshi kicheko kisicho chake.

Bibi yule alilitazama taya lile linalong'aa.

"Nimemwona aliyemuua mwanangu," akasema. "Mtoe nje. Asiniunguzie nyumba."