Mbwa Aliyeogeshwa

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla ya kwenda shule, Yasna alikunywa chai kwa mkate na parachichi, kisha akatoka na mpira wa maji kulisubiri lori. Kijijini kwao, kwenye pwani kavu ya kaskazini mwa Chile, mvua ilikuwa kitu cha kusimuliwa na wazee. Maji yaliletwa na lori, na kila nyumba ilijaza mapipa yake na kuyatumia kwa ubahili.

Kazi yake nyingine ilikuwa kumfunga mbwa wake, Pirata. Mbele ya kijiji kulikuwa na kisiwa kidogo ambako pengwini walichimba mashimo kwenye kinyesi cha ndege kilichokauka, wakataga humo. Maji yalipokupwa, mbwa angeweza kuvuka kwa miguu. Kwa hiyo wavuvi walikubaliana kwamba kuanzia Agosti hadi Januari kila mbwa afungwe. Atakayevuka, atapelekwa shambani bondeni na asirudi tena.

Jumapili moja ya Oktoba, Yasna alikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira. Alifunga kamba juujuu tu. Aliporudi jioni, alimkuta Pirata amelala mlangoni, miguu imejaa tope jeupe, ananuka samaki waliooza. Hakuna mtoto wa kijiji kile asiyeijua harufu ya mashimo ya pengwini. Hofu ikamshika. Baba alikuwa bado baharini, basi akachota ndoo mbili pipani na kumsugua Pirata kwa sabuni ya kufulia mpaka akang'aa.

Kesho yake mchana, Bibi Ximena, mlinzi wa kisiwa, aliwaita watu ufukweni. Kwenye kikapu chake alilala pengwini mwenye bawa lililong'atwa.

"Huyu ni mama," alisema. "Ana vifaranga wawili. Pengwini hulea kwa zamu, mmoja akienda kuvua, mwenzake anabaki shimoni. Sasa baba yao yuko peke yake. Akitoka, ndege shakwe watawameza watoto. Asipotoka, watakufa njaa. Nitawalisha mimi mpaka mama apone, lakini mbwa yule akirudi, tutapoteza wengi. Ni mbwa wa nani?"

Macho yote yakamgeukia Babu Baudilio, mzee mwokota mwani aliyeishi peke yake mwisho wa ufuo. Mbwa wake, Duque, alijulikana kwa kutafuna kamba.

"Si ni huyo mla kamba wako!" alisema Mama Gladys, muuza samaki. "Juzi tu kaikata tena!"

"Kaikata, akaja kuiba vichwa vya samaki kwako," alijibu mzee. "Kisiwani atafuata nini? Hata mimi namshinda mbio."

Watu walicheka, lakini waliamua vilevile: Alhamisi, lori la maji litaondoka na Duque. Yasna alikuwepo, akasikia kila neno.

Jumanne, Babu Baudilio alipita nyumbani kwao, akampapasa Pirata kichwani. "Umependeza, kijana," alimwambia mbwa, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi, lori lilifika kama kawaida. Yasna alikuwa akijaza pipa alipomwona mzee akimkabidhi dereva blanketi kuukuu lililokunjwa vizuri.

"Usimpe mifupa ya kuku," mzee alisema taratibu. "Tumbo lake bovu. Na usiku mfunike."

Mpira ukamtoka Yasna mikononi. Maji yakamwagika mchangani.

"Maji! Wewe mtoto, maji!" watu walipiga kelele.

"Ni Pirata!" Yasna alilia. "Nilimfunga vibaya. Akavuka, nami nikamwogesha ili msijue. Duque hana kosa!"

Baba yake alifunga bomba kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndiyo maana pipa lilipungua." Aibu ilimjaa baba huyo usoni.

"Mimi nimejua tangu Jumanne," alisema Babu Baudilio. "Kijiji hiki, maji haya ya kupimiana, nani anaogesha mbwa?"

"Mbona hukusema, babu?" aliuliza Yasna.

"Nilitaka niyasikie kinywani mwako. Ila usinidhanie mtakatifu! Lori lingewasha injini tu, ningekutaja."

Pirata ndiye aliyepanda lori. Yasna alimkumbatia akilia. Mama Gladys alikumbusha kwamba makubaliano ni asirudi tena, lakini mzee aliinua mkono.

"Tuliokosewa ni mimi na pengwini. Wao hawasemi, basi nawasemea. Vifaranga wakishaingia baharini, mbwa arudi." Watu wakakubali.

Kuanzia siku hiyo, Yasna alimsaidia Bibi Ximena kukatakata dagaa wa vifaranga kila alipotoka shule. Baada ya wiki tatu, mama pengwini alirudishwa kisiwani. Alitembea akiyumba hadi shimoni, na dume lake likalia kwa nguvu kama punda. Yasna alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Pirata aondoke.

Jioni ile alikwenda kumfunga Duque, maana vidole vya mzee vilikuwa vimekakamaa. Alifunga fundo, akalivuta, akalivuta tena.

"Kufunga kamba vibaya si kitu," alisema Babu Baudilio. "Mimi mwenyewe nimekosea mara nyingi. Lakini ulijua ukweli, ukaniacha nikunje blanketi la Duque. Hilo, mjukuu wangu, usimfanyie mtu tena."

"Sitarudia, babu," alisema Yasna, akalitandika blanketi mahali pake.