Meneja Aliyemsifu Fundi wa Barafu

Nitegulieni hiki, wajukuu zangu. Ana jina lako na sura yako, hali wala halali, na anabisha hodi kwenye milango mia kwa mara moja. Nani huyo? Msikune vichwa, nipeni mji: ni ukurasa wako kwenye mtandao wa kutafuta kazi.

Basi palikuwa na msichana wa miaka kumi na mitatu, nyumbani wakimwita Karani. Kila jioni, akishaosha vyombo, alikaa ubavuni mwa baba yake, akafungua simu na kumsomea ukurasa wake. Baba alikuwa fundi wa majokofu. Kiwanda cha barafu alikofanya kazi kilipofungwa, alibaki na mkoba wa spana na macho yasiyoona maandishi madogo.

"Leo kuna aliyejibu?"

"Bado, Baba."

"Jana bado, leo bado!" mama alidakia kutoka jikoni. Sufuria kubwa ilikuwa imepandishwa juu ya kabati miezi mingi, ndogo ilitosha. "Mtandao gani huo? Watu wamevaa tai wanapigiana makofi tu!"

"Mimi ulinipatia kazi, dada," alisema mama mdogo, aliyekuwa amekuja kuwatembelea.

"Wewe una vyeti. Shemeji yako ana mikono tu."

Kesho yake Karani alimkuta baba akifuta spana moja moja na kuzipanga juu ya gazeti.

"Jumamosi anakuja mtu kuzinunua," alisema bila kumtazama.

Karani akajiuliza: fundi bila spana ni nani tena? Siku hiyohiyo alijifungia chooni na simu. Akafungua ukurasa wa pili, wa meneja asiyekuwapo duniani, na meneja huyo akamsifu baba: ana stashahada, amesimamia mafundi kumi na wawili.

Alhamisi simu ikalia. Baba anaitwa kwenye ghala la chanjo! Ijumaa, baada ya masomo, Karani alimsindikiza ili amsomee fomu.

Msimamizi wa ghala alikuwa mama mmoja mwenye sweta zito, maana humo ndani baridi ilikuwa inang'ata.

"Wengi wanasema mitandao hii ni kupoteza muda," alisema akifungua kompyuta. "Wewe unaionaje, fundi?" Kabla baba hajafumbua mdomo, akaendelea: "Na huyu meneja anayekusifu, nampata kwa namba gani?"

"Meneja yupi, mama?"

Msimamizi akayasoma yote kwa sauti. Baba akageuka taratibu, akamtazama binti yake, kisha akatazama sakafu. Hakumtaja.

"Humu tunatunza chanjo za watoto," msimamizi alisema. "Jokofu likiharibika na fundi akaniambia ni zima, mtoto wa mtu anachomwa sindano isiyomsaidia. Nenda salama."

Baba akainua mkoba wake. Walipofika mlangoni, miguu ya Karani ikagoma.

"Ni mimi!" akalia. "Huyo meneja ni mimi! Baba hajui kitu. Hana stashahada, hana mafundi kumi na wawili. Alikuwa peke yake na mashine nne, na barafu haikuyeyuka hata siku moja. Kesho anauza spana zake..."



"Mfute huyo meneja wako," msimamizi akasema. "Hapahapa, nikiona."

Karani akafuta.

"Haya, fundi. Lile jokofu la pembeni linanguruma tangu Jumatatu. Nionyeshe hiyo mikono."

Baba akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye ubavu wa jokofu, akasikiliza kama daktari. Kisha akafungua mkoba. Baada ya nusu saa, ngurumo ilikwisha.

"Jumatatu uje kazini. Nakupa miezi mitatu ya majaribio," msimamizi alisema. "Lakini swali langu la kwanza hukulijibu."

Baba akajifuta mikono, akamshika Karani begani.

"Mtandao umenifikisha mlangoni kwako, mama, hilo silikatai. Ila aliyetangulia kuingia alikuwa mwongo mwenye jina langu. Mimi mwenyewe nimeingia pale binti yangu aliposema kweli."