Matobolwa Juu ya Tangi la Maji

Bibi Eustadia alikuwa na jirani asiyelalamika: tangi la maji la mtaa. Paa lake la zege lilikuwa chini, pana na safi, na jua la Tabora lililichoma tangu asubuhi. Kila msimu Bibi alipenya kwenye tundu la seng'enge, akaanika hapo matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha nyumba yake mpaka mvua zije.

Safari hii alimkuta askari polisi mgeni, Afande Asnath.

"Shikamoo, Bibi. Umepitia wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimedondoka kutoka mawinguni."

Asnath alitaka kucheka, akajizuia. "Hapa haparuhusiwi. Ondoa viazi."

"Bunduki yote hiyo, kuzuia viazi vyangu visikauke?"

"Nalinda maji, Bibi. Nakulinda na wewe unayeyanywa. Bomba lako linatoa maji ya wapi?"

"Ya hapa hapa."

"Na hilo tundu, nani mwingine hupita?"

"Mimi tu. Na beberu wangu. Huwa ananifuata."

Asnath alinyoosha kidole. Mavi ya mbuzi yalizunguka mfuniko wa tangi, na mfuniko wenyewe ulikuwa na ufa. Bibi akaikumbuka chai yake ya asubuhi.

"Kama beberu amefika, mwizi wa pampu atashindwa? Mwenye sumu je?" Asnath aliuliza. "Seng'enge ni ndefu, mimi ni mmoja. Ukiona tundu, au mtu usiyemwelewa, niambie. Nisipokuwepo, toa taarifa kituoni."

"Na matobolwa yangu? Yakiota ukungu tutakula nini?"

"Mzee wako hana mikono?"

Mumewe, Mzee Adriano, alikuwa nayo, ila ilikuwa imepumzika tangu mavuno. Siku hiyo hiyo alijenga kichanja cha miti uani. Upepo ulipita juu na chini, na viazi vikakauka mapema kuliko kwenye zege. Bibi aliwaonyesha mafundi wa maji lile tundu. Wakaliziba, wakabadilisha mfuniko, wakayatibu maji. Beberu alifungwa kamba, akalalamika peke yake.

Jioni moja Asnath alitoka zamu, akaingia uani kwa Bibi. Akanyoosha mkono kichanjani.

"Simama hapo!" Bibi alifoka kutoka jikoni. "Umepitia wapi?"

"Mlangoni, Bibi!"

"Haya. Chukua viwili."