Tarumbeta ya Sita

Hili lilimkuta rafiki yangu Ridhiwani wa Kilwa Masoko, na mimi nikisimulia jambo, hata aliye na haraka hukaa. Nyimbo za bendi ya marehemu baba yake, aliyekuwa mpiga tarumbeta, zilitolewa upya kwenye sidii, lakini jina la baba halikuwamo kwenye jalada. Aliyewatajia watoaji majina ya wapigaji ni Mzee Abdulwahab, mpiga tarumbeta pekee wa bendi hiyo aliyebaki hai. Ridhiwani akamwita kwake alasiri moja ya mvua, wasikilize pamoja.

“Siku ya kurekodi baba yako hakuja,” mzee akasema. “Tulipuliza watano.”

“Shikamoo yangu umeshaipokea, mzee. Sasa hesabu.”

Ridhiwani akaiwasha sidii, wakahesabu tarumbeta sita.

“Mwangwi huo!”

“Basi narudia mpaka uchoke!”

Mara ya tatu umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa yamefungwa, chumba kikawa giza. Katika kimya kile wakasikia: to, to, to.

Ridhiwani akawasha tochi ya simu. Tarumbeta ya baba, iliyotundikwa ukutani tangu mazishi, ilikuwa ikidondosha maji, kama idondoshavyo kila tarumbeta iliyotoka kupulizwa.

“Bati lako linavuja,” mzee akasema.

“Yaguse basi!”

Mzee akayagusa. Yalikuwa na joto la mdomoni.